Kola Isiyo na Jina

Nyakio alipoulizwa angependa kupelekwa wapi kupumzika, alisema Ruiru, na mumewe akadhani dawa zimempanda kichwani. Ni nani hutoka Thika kwenda kutalii Ruiru? Watu wa Makongeni wakipata nafasi huenda Mombasa wakapigwe picha wamevaa miwani ya jua, au angalau Naivasha. Ruiru ni mahali pa kupita ukielekea Nairobi, basi.

"Mami, sema tu unachotaka," Kinuthia, mwanawe wa pekee, alimsihi. "Hata kama ni Mombasa, treni iko."

"Mombasa nikafanye nini na mbavu hizi? Nataka Ruiru. Ni karibu na kwako, karibu na kwangu, karibu na nesi. Na ile nyumba uliyonionyesha kwenye simu, nataka kulala ndani yake kabla sijafa."

Hakuna aliyemwambia asiseme hivyo. Nyumbani kwao maneno ya "usiseme hivyo" yalikuwa yamepigwa marufuku tangu mwezi wa tano, daktari alipoeleza kwamba saratani ya kongosho imeshafika kwenye ini na kwamba kilichobaki ni kutuliza maumivu. Siku hiyo Wainaina, mumewe, alilia kwenye ngazi za hospitali mpaka Nyakio akamwazima leso. Yeye mwenyewe alimuuliza nesi wa hospisi swali moja tu: kama atakula Krismasi. Nesi aliangalia viatu vyake. Nyakio akamshukuru, maana alikuwa mwanamke aliyependa kujibiwa.

Nyumba yenyewe alikuwa akiijua tangu utotoni. Alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi ya shamba moja la kahawa nje ya Ruiru, akaanza kuchuma mara tu mikono yake ilipofikia matawi ya chini. Juu ya mwinuko, ng'ambo ya ua wa kaiyaba wenye miiba, ilikuwako nyumba ya meneja: paa la vigae, baraza pana, viti vya watu wasio na haraka. Mtoto wa kambi akionekana ndani ya ua ule, mama yake alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo. Nyakio aliiona baraza ile kila siku ya Mungu na hakuwahi kuikanyaga. Sasa shamba lilikuwa limekatwa viwanja, magorofa yameota penye mibuni, na kipande kilichosalia pamoja na nyumba ya meneja vilikuwa vikikodishwa kwa wageni wa wikendi. Kinuthia alipomwonyesha picha zake, bila kujua anamwonyesha nini, mama yake alicheka mpaka akashika ubavu.

Lakini usidhani ni nyumba tu iliyomtoa kitandani. Kulikuwa na jambo jingine, zito zaidi, ambalo hakumwambia mtu. Mjukuu wake hakuwa na jina.

Aliitwa Cindy, ndiyo. Lakini kwa Nyakio, Cindy halikuwa jina, ilikuwa kengele ya mlangoni. Kwa Wakikuyu binti wa kwanza wa mwanao hupewa jina lako wewe, mama ya baba. Hapo husemwa umezaliwa, nawe bado uko hai unajionea. Mwanao humwita bintiye "mami" kama anavyokuita wewe, na mtoto akigoma kula uji, lawama ni zako. Cindy alikuwa anakaribia mwaka, anashikilia viti kujaribu kusimama, na hakuna aliyewahi kumwita Nyakio. Mama yake, Jentrix, binti wa Kakamega, kila alipoulizwa jina la pili alisema litakuja. Wanawake wa sokoni wakaanza kumuuliza bibi: "Kwani wewe hujazaliwa bado?" Nyakio aliwajibu kwa kicheko, ila kimya kingi kina mshindo mkuu. Moyoni alishaamua kwamba mkaza mwana wake anamdharau. Hakukana kwamba msichana ana adabu. Alipika, alifua, alipiga simu kila jioni kutoka Gatongora, pale Ruiru alikoishi na Kinuthia. Lakini mtu anaweza kukufanyia yote hayo na bado asitake mtoto wake awe wewe.

Tena kwa Nyakio jina halikuwa jambo la mdomoni tu. Ndilo lililokuwa kazi yake. Kwa zaidi ya miaka thelathini alifuma sweta za shule kwa mashine ya mkono katika kibanda chake cha Makongeni, na kila sweta iliyotoka humo ilikuwa na jina la mtoto ndani ya kola, limeshonwa kwa sindano na uzi mweupe. Watoto hupoteza sweta, walimu huziokota, na vita vya akina mama getini vikianza, ni kola inayoamua. "Sweta bila jina ni ya mwizi," alizoea kusema. Alijua kushona Mwaniki na Mbinya na Khisa na majina mengine ambayo hata hakuweza kuyatamka vizuri. Sweta ya mwisho aliyofuma kabla ya kuifunika mashine kwa shuka ilikuwa ndogo, ya manjano, ya Cindy. Kola ilikuwa tupu. Aliitia kwenye mfuko chini ya chupa za dawa, pamoja na sindano na uzi, na nia yake ilikuwa moja: kabla wikendi haijaisha atauliza waziwazi, na kama jibu ni hapana, alisikie akiwa bado na nguvu za kujibu.

Walifika Ijumaa jua likiwa bado kali. Wainaina alishuka na mto begani, thermosi mkononi na chupa ya mofini ndani ya mfuko wa shati, karibu na moyo, kama padre na mafuta yake. Mzee huyu aliendesha mitambo ya kiwanda cha nguo maisha yake yote bila kuhofia kitu, lakini chupa ile aliogopa kuivunja kuliko alivyoogopa kumwangusha mtoto.

Kinuthia alitaka kumbeba mama yake ngazini.

"Wacha," Nyakio alisema. "Hapa nitapanda mwenyewe."

Alipanda polepole, mkono mmoja ukutani, akapumzika, akapanda tena. Alipofika barazani aliketi kwenye kiti kilichoelekea bondeni, akavuta pumzi, akatazama mahali kambi yao ilipokuwa. Palikuwa na gorofa la kijani lenye nguo zilizoanikwa.

"Baba Kinuthia," alimwita mumewe. "Niletee chai. Na usikimbie. Meneja hakuwa anakimbiliwa na chai, alikuwa anangoja."

"Meneja hakuwa na mke mchokozi," Wainaina alimjibu, akaenda kuitafuta jikoni.

Jumamosi ilikuwa siku njema, na siku njema ilikuwa imeanza kuwa kitu cha kuhesabika. Maumivu yalibaki mbali. Asubuhi Jentrix alipasha maji, akamwogesha mama mkwe wake kwenye bafu la meneja, beseni kubwa jeupe lenye miguu. Mara ya kwanza alipomsaidia kuoga, kule Makongeni, Nyakio aliona haya, maana nani amewahi kusikia mkaza mwana anamsugua mgongo mama ya mumewe? Sasa haya ilikuwa imechoka ikaondoka. Jentrix alimsugua kwa kitambaa laini, akipita kwa uangalifu juu ya mbavu zilizojitokeza, akiimba chini chini wimbo wa kanisa la kwao. Mikono ile haikuwa na dharau hata chembe. Nyakio aliihisi, akachanganyikiwa, akakasirika kwa sababu amechanganyikiwa.

Baada ya uji aliomba kupelekwa kwenye mibuni iliyosalia nyuma ya nyumba. Ilikuwa mwezi wa kumi, buni zimeiva nyekundu. Walimwekea kiti katikati ya safu, na Cindy akaketishwa kwenye leso miguuni pake. Nyakio aliwafundisha kuchuma. Kinuthia, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na mikono ya kubeba saruji, alikwanyua buni pamoja na vikonyo na majani.

"Haiya! Wewe unachuma ama unapigana?" mama yake alimfokea. "Ukitoa hicho kikonyo, mwakani hapo hapazai. Izungushe kwa kidole gumba. Inakuja yenyewe ikiwa iko tayari. Kama haiko tayari, iwache."

Jentrix alijaribu, akaiweza mara ya kwanza. Buni ilimwangukia kiganjani safi.

"Umeona?" Nyakio alisema. "Huyu angekula kambini. Wewe Kinuthia ungelala njaa."

Walicheka wote, na Cindy akacheka kwa sababu wanacheka, akiwa na buni mdomoni ambayo Wainaina alimtoa kwa kidole huku akipiga kelele kana kwamba mtoto amemeza msumari. Mchana wanaume walichoma mbuzi uwanjani. Nyakio hakuweza kula nyama tena, lakini alipewa ubavu akaunyonya chumvi na moshi, macho yamefumbwa, na hakuna aliyemwambia pole. Alifurahi. Alifurahi waziwazi, kama mtu anavyofurahi akiwa na afya, na alijua anafurahi wakati ule ule anapofurahi.

Ni baridi ya alasiri iliyolileta lile jambo. Wanaume walikuwa wameteremka kuona bwawa la shamba, na Nyakio, akiwa barazani na mtoto amelala pembeni yake, aliomba shali. Jentrix akaingiza mkono kwenye mfuko wa dawa kuitafuta, akatoka na sweta ya manjano.

"Ai, mum! Umemfumia Cindy?" Alipangusa sufu kwa kiganja, akatabasamu, kisha kwa mazoea ya mtu aliyekijua kibanda kile akageuza kola. Tabasamu likapungua. "Haina jina."

Nyakio alikuwa amepanga maneno ya taratibu kwa muda mrefu. Yote yalimkimbia.

"Ningeandika jina gani?" aliuliza. "Niambie wewe. Mimi huandika jina la mtoto, na huyu hamjampa. Nimengoja tangu azaliwe. Nimeulizwa sokoni mpaka nikaacha kwenda sokoni. Kama hutaki mtoto wako aitwe mimi, niambie, Jentrix. Mimi si mtu wa kuogopa kuambiwa. Lakini usinioshe mgongo asubuhi huku umeninyima jina langu."

Jentrix aliketi chini sakafuni pale pale, sweta mapajani. Alipojibu, sauti ilikuwa ya mtu anayebeba maji asitake yamwagike.

"Mum, kwetu mtoto hapewi jina la mtu aliye hai."

"Ati?"

"Hapewi. Kwetu jina ni la aliyetangulia. Mtu akishaenda, ndiyo mnamrudisha kwa mtoto. Ukimpa mtoto jina la mtu angali anatembea, ni kama umemwambia afunge mizigo. Nyanya yangu alimfukuza shangazi nyumbani juu ya hiyo mambo. Cindy alipozaliwa nilimwambia Kinuthia anipe muda nizoee, nikijua nyinyi mnafanya vingine. Nilikuwa nimeanza kuzoea, haki. Halafu daktari akasema ile maneno."

Alifuta macho kwa kola tupu, akagundua, akaiacha haraka.

"Sasa ningempa aje, mum? Mwezi wa tano nikuite kwa mtoto, mwezi wa sita uende? Ningesema ni mimi. Kila mtu akiuliza jina la pili nasema tu litakuja. Najua ni ujinga. Lakini nilijiambia, kama jina bado liko kwako, huwezi kwenda. Nilikuwa nimemnyima mtoto ndio nikuwekee wewe."

Mtoto aligeuka usingizini. Bondeni, nguo za gorofa la kijani zilikuwa zikianuliwa.

Karibu mwaka mzima Nyakio alikuwa amelihesabu jambo hili kama tusi, akaligeuza geuza kila aliposhindwa kulala, na kumbe kule Gatongora msichana huyu alikuwa amemshikilia kwa mikono miwili asiende. Alipendwa namna hiyo na hakujua. Machozi yalimtoka, na hakujisumbua kuyaficha.

"Na Kinuthia alijua?"

"Alijua."

"Na akanyamaza?"

"Alisema itajipa."

"Itajipa!" Nyakio alitaka kukasirika, hasira ikamgeukia kicheko, na kicheko kikamuuma ubavu. "Ngai! Huyo ni babake mtupu. Njoo hapa, mwanangu. Njoo nikushike, mimi siwezi kuinama."

Jentrix alisogea kwa magoti, akalaza kichwa kwenye mapaja yaliyokonda. Nyakio alimpapasa nywele, akawaza. Kwao, mtoto akipewa jina lake, yeye hafi. Kwa kina Jentrix, lazima afe ndipo mtoto apewe. Mila mbili, na yeye katikati na muda mfupi. Angeweza kuamuru, alikuwa mama mkwe, alikuwa mgonjwa, na nani hubishana na mgonjwa? Jentrix angetii. Kisha, siku ile ambayo haikuwa mbali, msichana angesimama kaburini akiamini ni ulimi wake ulioifungua njia. Nyakio alilitazama hilo, na hakulitaka.

"Niwekee uzi kwenye sindano," alisema mwishowe. "Macho yangu yamegoma."

Alishona polepole, herufi moja moja, uzi mweupe kwenye sufu ya manjano. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua siku za kibanda. Sasa ilimchukua mpaka jua likagusa miti. Aliposhona herufi ya mwisho hakulitamka jina. Aliikunja kola juu yake, akapiga mishono mikubwa ya kushikiza, jina likafichika ndani.

"Haya," alisema. "Mimi nimeandika, kwetu imetosha. Wewe hujamwita, kwenu hamna kosa. Siku yangu ikifika utakata hizi nyuzi umwite. Tumia mikasi, usitumie kisu, utaniharibia sufu."

Jentrix aliitikia kwa kichwa. Nyakio alimpiga kofi dogo begani, akaomba shali yake, maana ndiyo aliyoitisha na bado hajaletewa. Ila tusidanganyane. Iliuma. Alikuwa ametaka kulisikia jina lile likiitwa, akaitika mtu mwingine asiye yeye, angalau mara moja, na sasa alikuwa amelifungia kwa mkono wake mwenyewe. Usiku alimweleza Wainaina kwa kunong'ona, naye mzee akamshika mkono chini ya blanketi akasema amefanya vizuri, kisha akasema tena, kwa sababu hakujua la kuongeza.

Jumapili maumivu yalirudi. Yalimwamsha kabla ya ndege, na Wainaina akapima dawa. Mofini ilipofanya kazi walimtoa nje barazani, wakamzungushia mito, mumewe akaketi kiti cha pili cha meneja. Kinuthia alikuwa akipakia mizigo, mpole kupita kiasi, kama mtu aliyekwisha kugombezwa jana na bado anatarajia kugombezwa leo.

Jentrix alitoka ndani amembeba mtoto. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuja mpaka mbele ya kiti cha Nyakio, akasimama.

"Nimempigia mama asubuhi," alisema. "Nimemweleza yote. Amesema nikimwita mtoto sasa, ni kama nakusindikiza."

"Usimsikize, mwanangu, tulishamaliza hiyo—"

"Nikamwambia basi nitamsindikiza." Alimweka mtoto vizuri kiunoni. "Mgeni wa maana haachwi ajitokee peke yake mlangoni, mum. Hata kwenu. Nitaogopa, lakini nitakusindikiza. Usiende bila kusikia."

Hakungoja jibu. Aliteremka ngazi, akamsimamisha mtoto nyasini akishikilia kiti cha plastiki, akarudi nyuma hatua chache, akapiga magoti, mikono wazi. Mtoto alikuwa amevaa sweta ya manjano. Kola ilikuwa imekunjuliwa, na vipande vya uzi wa kushikiza vilikuwa bado vimening'inia shingoni.

"Nyakio!" Jentrix aliita. Mara ya kwanza lilitoka dogo, la woga. Akaliita tena, kwa nguvu, bonde zima lisikie. "Nyakio! Njoo kwa mama! Njoo!"

Penye gari, Kinuthia aliliacha begi lidondoke. "Kuja, mami," alisema, akiwa amemwelekea mtoto. "Kuja, mami yangu."

Barazani, Wainaina, ambaye masikio yake yalikuwa yamebaki kiwandani, alisikia jina tu. Alishtuka, akashika mikono ya kiti, akaanza kuinuka ili amsaidie mkewe.

"Mama Kinuthia, unaitwa."

Nyakio alimwekea mkono juu ya mkono. Hakuondoa macho kule nyasini, ambako mtoto alikuwa amekiachilia kiti.

"Si mimi," alisema. "Keti, mzee. Si mimi ninayeitwa."